Furaha Yako Niliyoishuku, Baba

Baba,

Mama Lin ameniambia kwamba ulijua. Daktari alikwisha kukueleza kuwa moyo wako unachoka, nawe ukaendelea kupiga pasi shati kila Jumamosi na kutoka ukipiga mluzi.

Nilikushuku tangu mwanzo. Ulikuja kwangu hapa ughaibuni, Bankstown, baada ya kumzika Mama, umekonda, husemi. Halafu Mama Lin, yule mjane wa Kichina wa nyumba ya pili, mwalimu mstaafu wa falsafa, akakukaribisha kwake, na ghafla mzee wangu anacheka peke yake jikoni. Ulisema mnajifunza watu wa China ya kale walivyofikiri kuhusu furaha na maisha mema. Nani angeamini? Nilinusa hata kola ya shati lako. Ukaniona. Ukasema, "Mwanangu, furaha yangu unaikagua kama afisa wa uhamiaji."

Nilicheka. Kukushuku sikuacha.

Tulipotoka makaburini kukuzika nilikwenda kumgongea Mama Lin mlango, nina hasira. Nikakuta wazee wamejaa sebuleni, wanaimba. Akanieleza kwamba katika maandishi yao ya kale alama moja husomeka muziki, na pia furaha. Baadhi ya wahenga wao waliona kwamba furaha hufunzwa, kwa nyimbo na kwa kutendeana wema. Wengine, kwamba anayeifukuzia ndiye anayeikosa. Kumbe ulibishana na wahenga hao wote. Ulisema aliyefiwa na mke hana cha kuimba. Kisha ukaimba.

"Mbona mimi hakuniambia?" nikamuuliza.

"Alisema ungemlaza kitandani umpime presha kutwa."

Kweli, Baba. Mtoto muuguzi angefanya nini kingine?

Lakini naye nikamshuku, labda ananifariji tu. Nikambana: furaha ile ilikuwa ya kweli, au pazia la kunifichia ugonjwa? Hakupamba maneno. Alisema, "Jumamosi nyingine alilia mpaka chai ikapoa. Alisema anaogopa. Kisha akaimba nasi."

Hapo nikakuamini. Mwenye kuigiza furaha asingelia mbele yao.

Donge ninalo bado. Machozi yale... ungeniletea hata mimi kidogo.

Pumzika, Baba, karibu na Mungu wako. Nakuahidi Jumamosi nitakwenda kwa Mama Lin. Sauti sina, na kuamini bado kunanipa tabu, ila nitakaa nao, nifungue mdomo, tuone kitakachotoka.

Mwanao,
Rehema