Nilijifanya Mwenyeji wa Jiji Nisilolijua

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu nimejifunga kwa mdomo wangu mwenyewe na sijui nijifungue vipi. Mimi ni msusi, nina miaka arobaini na sita, na nina marafiki wawili ambao kwangu ni zaidi ya ndugu: mmoja ni nesi wa wodi ya wazazi, mwingine ni fundi cherehani ambaye chumba chake cha kushonea kimepakana na saluni yangu. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi ng'ambo mwaka mmoja na nusu, kwenye jiji ambalo siku hizi kila kijana anatamani kwenda kupiga picha, na tangu nirudi nimekuwa nikiwasimulia wateja huku nasuka, jinsi nilivyokuwa nakunywa kahawa kando ya mto, nilivyozijua njia zote, nilivyoongea lugha yao kama maji, hadi marafiki zangu wakanibandika jina la Mwenyeji. Ukweli ni kwamba nilikuwa yaya katika nyumba moja nje kabisa ya jiji, nikilea mtoto wa watu, na mapumziko yangu yalikuwa Jumapili mchana tu, na hizo Jumapili nilikaa chumbani kwa sababu sikuwa na wa kutoka naye na niliogopa kupotea. Jiji lenyewe nililiona mara mbili kupitia dirisha la gari, siku ya kufika na siku ya kuondoka.

Mwaka huu nesi akasema hatuwezi kuzeeka bila kwenda popote, twende huko Mwenyeji akatutembeze. Nilitafuta visingizio mpaka vikaniishia, tukaenda, siku sita.

Mshauri, nilishangaa kuliko wao na sikuwa na ruhusa ya kushangaa. Tulipotoka kituoni nesi alisimama katikati ya watu mdomo wazi, na mimi nikasema kwa sauti ya mtu aliyechoka kuona, eti pamebadilika kidogo. Tuliona maghala ya zamani yaliyogeuzwa migahawa, ndani yake hakuna viti viwili vinavyofanana, na vijana wamevaa makoti makubwa kama waliyorithi kwa babu zao, na suruali zimechanika magotini kiasi kwamba fundi aliniuliza kwa upole kama watakasirika akiwashonea. Kulikuwa na jengo la ghorofa tano ambalo ukuta wake mzima umechorwa uso wa mwanamke anayecheka, nikatamani kusimama pale nilie, maana niliishi karibu na kitu kile mwaka na nusu bila kukijua, lakini mwenyeji halii mbele ya ukuta, nikawahimiza tuendelee.

Siku ya tatu niliwapandisha treni ya chini ya ardhi, najiamini kweli, tukaenda mpaka mwisho wa njia, abiria wote wakashuka tukabaki sisi na mfagiaji. Nesi alikuwa na njaa na miguu imemvimba. Nikamsemesha mfagiaji maneno ninayoyajua, ambayo ni yale ya kumbembeleza mtoto ale na alale, na yule baba akanitazama kwa huruma. Fundi naye akanitazama kidogo. Halafu akamfuata mfagiaji, akamwonyesha kadi ya hoteli yetu, wakaelewana kwa vidole, akarudi na kumwambia nesi kwamba mimi nilitaka tuone pembezoni kwanza, na treni ya kurudi iko upande wa pili. Tangu siku hiyo, kila asubuhi tukivaa viatu alikuwa ananinong'oneza njia, kisha ananiacha nitangulie mbele. Mpaka leo hajaniuliza neno.

Sasa binti wa nesi amepata nafasi ya kusoma katika jiji hilohilo. Mama yake alikuja saluni akakaa kwenye kiti cha wateja, akaniambia, "Mimi sina raha, lakini nikikumbuka wewe unapajua, roho inatulia. Njoo Jumamosi umwambie mwanangu aishi mtaa gani." Nikaitikia. Nikisema ukweli nampoteza rafiki, nikinyamaza nampoteza mtoto wake. Nifanye nini?

Mimi, Mwenyeji wa uongo

*

Mwenyeji,

Nimekucheka, kisha nimekuonea huruma, na sasa nakukemea. Kumpumbaza mteja kwa hadithi wakati unamvuta nywele si kosa kubwa, la sivyo saluni zote zingefungwa. Ila sasa kuna mtoto anayetaka kupanga maisha yake juu ya hadithi hizo, na hapo mchezo umekwisha. Halafu umemwacha fundi abebe aibu yako tangu kule hadi leo, na wewe unajifanya huoni. Mwanamke aliyekupa njia na bado akakuacha utangulie, unamwogopea nini? Leo hii pita chumba cha jirani ukamshukuru.

Ijumaa nenda kwa nesi, mkae wawili tu. Usizunguke. Mwambie, "Nilikuwa yaya, sikuwahi kutembea, niliwadanganya." Kisha funga mdomo umwache akasirike, maana ana haki yake. Usimkatishe, usilie kabla yake. Mtu ambaye kazi yake ni kushika mikono ya wanawake wenye uchungu hatashindwa na uongo wa msusi. Na ulee mtoto wa watu ugenini, bado msichana, halafu uone haya? Hilo ndilo ungelisimulia miaka yote.

Jumamosi nenda vilevile. Mitaa huyo binti ataitafuta kwenye simu yake, tena vizuri kuliko wewe. Wewe mweleze zile Jumapili, jinsi mtu anavyozoea chumba mpaka mlango unakuwa mzito. Mwambie wiki ya kwanza tu atoke, hata kama ni hadi dukani, hata akipotea. Na mwambie akupigie simu kila Jumapili mchana. Saa hizo usipokee mteja.