Papa, Kesho Nitaulaza Ukuta wa Mtaro

Papa wangu,

Kesho asubuhi nina mtihani wa ujenzi wa barabara hapa Mbarara, na nimekwama kwenye swali moja la mazoezi: chora mtaro wa kando ya barabara ambao gari au baiskeli ikiacha njia haitapinduka. Jibu lenyewe si gumu. Ukuta wa upande wa barabara ulazwe, kila mita moja ya kina iende mita nne za upana. Lakini kila nikichora, penseli inaingia shambani mwako.

Unakumbuka siku wachimbaji wa mtaro walipofika kwetu Juru? Ulisimama katikati ya maharagwe, mikono umeitandaza kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Bandugu, muchimbe wima! Mukilaza hiyo udongo, mutanikulia shamba."

"Mzee, unataka mtaro ama ukuta ya nyumba?" msimamizi wao alikucheka.

"Nataka maharagi."

Wakachimba wima. Majirani wote waliomba vivyo hivyo, kila familia ikapanda hadi ukingoni, kwa sababu kiwanja tulichopewa kambini hakikuongezeka na watoto waliongezeka. Mama peke yake aliuliza, "Na mutu akianguka?" Ukamjibu, "Ataanguka namna gani, hana macho?"

Ulikuwa na macho, Papa. Lori lilikuja kwa kasi, ukalipisha njia, na gurudumu la baiskeli yako halikupata pa kushukia. Nilikuwa nyuma yako kwa miguu. Kichwa chako kilikuwa kimegonga ukuta wa pili wa mtaro. Nilihangaika juu yako, nikitafuta pa kuweka mguu ili nikufikie, na hapakuwepo.

Wiki iliyopita, katika jaribio, nilichora mtaro wima. Jibu sahihi nililijua, mkono ulikataa. Karatasi ziliporudishwa, mwenzangu mmoja kutoka Masha alichungulia yangu akacheka, "Nyabo, dada yangu, hii yako ni mtaro ama kaburi?" Hakujua. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi, nikakukasirikia kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika. Ulipigania mistari michache ya maharagwe, na ukashinda.

Halafu nikalikasirikia swali lenyewe. Linataja mvua, udongo na upana wa barabara. Halisemi ni nani analima pembeni, wala atakula nini.

Jana nilimpigia Mama. Nilimwambia kwamba nikifaulu, siku moja itakuwa kazi yangu kuwaambia watu kama yeye warudi nyuma.

"Nitakutukana mbele ya batu bote," akasema. "Nitalia shamba yangu. Wewe ulaze tu."

Basi kesho nitaulaza, Papa. Mstari wangu utapita juu ya maharagwe yako, na sitaufuta. Kama huko uliko bado unabisha, bisha. Nimekuzoea, na ningependa sana kukusikia.

Nakuaga nikiwa na hasira kidogo na mapenzi yote,

Binti yako wa kwanza