Ndalahwa, Kabari Zako Zimelegezwa

Tak. Halafu kimya. Halafu tena, tak. Nilikuwa nausikia mlio huo alfajiri, giza bado, mimi na mtoto wetu Anna tukiwa kitandani. Ulitoka karakana yako, ng'ambo ya ukuta. Kila mara nilijua ni mti unaopasuka, na sikuwa na ufunguo.

Mwaka umetimia, mume wangu, tangu ulipotutoka. Kaka yako Maduhu amesema niandike yote, hata lile lake. Kwa hiyo naandika.

Watu wa Bariadi walikujua kwa milango na vitanda. Wachache walijua kwamba randa ulizopigia mbao zile ulizitengeneza mwenyewe, hapo hapo nyumbani. Mwili wa mkwaju, kisu cha chuma cha springi ya lori. Chuma ulikichoma mpaka kikawa chekundu, ukakizamisha kwenye mafuta ya mbegu za pamba, nyumba nzima ikanuka kama msimu wa mavuno. Jirani alikuuliza kwa nini usinunue ya dukani. Ukamjibu, "Ya dukani hainijui."

Yangu uliitengeneza kwa ugali. Ulinipa tonge lililopoa, ukasema nilibane kwa nguvu. Nikakuambia chakula hakichezewi. Ukacheka, ukalichukua lile tonge lenye alama za vidole vyangu, ukachonga kipini kinachonitosha mimi tu. Tangu siku ile nikaanza kujifunza kupiga randa.

Nikirudi kutoka masomo ya jioni nilikukuta unafunga kazi. Randa ya mti ina kisu, na kisu kinashikwa na kabari. Kazi ikiisha kabari hulegezwa, la sivyo mti ukikauka unabanwa mpaka unapasuka. Ulikuwa na randa tisa. Kwa kila kabari uliniuliza swali moja la kwenye daftari langu, na nikikosa ulisema, "Hii tunairudisha, jibu tena." Mtihani wa kidato cha nne niliufaulu kwenye vumbi lako la mbao.

Jumanne ile tumbo lilikuuma ukiwa kazini. Ulisema tunakwenda hospitali mara moja, jioni utamalizia. Ukaziacha kabari zote tisa zimekaza. Ijumaa hukuwepo.

Siku ya mazishi Maduhu alitia kufuli karakana, akaondoka na ufunguo hadi Mwamapalala. Vitu vya marehemu haviguswi mpaka ukoo ukae, na ukoo ungekaa mwaka ukiisha. Sikubisha, ndiyo desturi. Niliomba kitu kimoja tu. Nilimpigia simu.

"Shemeji, sitaki kuchukua chochote. Nataka kulegeza kabari."

"Kabari haili, shemeji. Haitakufa njaa."

Mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, nilipanda basi na Anna nikamfuata Maduhu zizini kwake. Alikuwa anakamua. Hakuinua uso. "Leo kabari," alisema, "kesho randa, keshokutwa mume mwingine." Nilirudi Bariadi bila ufunguo.

Ndalahwa, wewe ungecheka, lakini mimi nilikuwa kama nimefungiwa. Dada yangu aliniita Kahama, kazi ya dukani ipo. Sikuweza kuondoka nikaiacha karakana ile ipasuke peke yake. Kuingia nako siwezi. Nilipika, nilifagia, nilifua, na kila nilipopita mlango ule niliigusa kufuli kama mgonjwa anavyogusa kidonda. Wateja walikuja kuuliza kazi, nikawaambia fundi hayupo. Wengine hawakuwa na habari, ikabidi niwaeleze upya.

Jumamosi iliyopita ukoo ulikaa. Maduhu akafungua mwenyewe. Buibui walikuwa wametanda kuanzia dirishani hadi kwenye meza ya kazi. Randa tatu zimepasuka, na ile kubwa ya kunyooshea milango ufa umeipitia mbele hadi nyuma. Maduhu akachukua ya nne, akataka kuilegeza, akagonga kichwa cha kisu. Kisu kikazidi kuzama.

"Hapana shemeji. Huku nyuma, kisigino cha randa. Kidogo tu."

Akagonga kisigino. Kabari ikaachia. Akaishika mkononi muda mrefu, kisha akakaa chini juu ya maranda.

"Nilidhani ukiingia humu utauza," alisema.

"Ningemuuzia nani kipini cha mkono wangu?"

Mayu Esteria, mama yako, aliinuka. Akasema, "Maduhu, mpe mwenzio hiyo kufuli. Mikono iliyobaki humu ni ya huyu." Wazee wakakubali: vifaa vibaki na mimi na mtoto, hapa hapa. Nilizilegeza zilizobaki mbele yao, moja moja. Maduhu aliomba kitu kimoja, ile randa kubwa yenye ufa. Nikampa. Aliifunga kwenye koti lake akaipakata kwenye basi kama mtoto mchanga.

Kahama sikwenda. Mteja mmoja wa Ngulyati ameagiza stuli nne, nimemwambia nitajaribu. Bado naogopa, sikufichi. Mbao ya kwanza niliiharibu.

Unakumbukwa na mama yako Esteria, kaka yako Maduhu na nyumba yake, ukoo wote wa Mwamapalala, mimi mkeo Lukresia, na mwanao Anna. Miaka itapita, na wewe utabaki kwenye midomo yetu na mikononi mwetu.

Nilipoisoma barua hii kwa sauti, Anna, ambaye sasa ana miaka mitano, aliuliza kama na yeye anaruhusiwa kusema. Nikamwambia sema. Akasimama mlangoni mwa karakana, akasema:

"Baba, mama hajapika, anapiga randa."