Picha Yangu Kwenye Chupa ya Njugu

Jumanne

Kumbe nilishakufa, ni mimi tu sikuambiwa. Leo dukani Malaba dereva wa lori ameshika chupa yangu ya siagi ya njugu, akaangalia picha yangu kwenye lebo, akauliza, "Poleni. Huyu mama mlimzika lini?"

Na mimi nimesimama hapo hapo.

Wiki mbili tu dirishani, jua limekula wekundu wote. Nimebaki buluu kama maiti, na tarehe ya kuharibika haisomeki. Ile selotepu niliyobandika juu, ati ndiyo dawa, ilizuia maji. Jua ikalikaribisha kama mkwe.

Mwenye duka hakucheka. "Mama Nekesa, mpaka Ijumaa. Lebo isiposomeka, beba chupa zako."

Kumwambia binti yangu Nekesa ndio nimeogopa. Printa ya kuchapisha hizi lebo alininunulia na mshahara wake wa kwanza. Nimezunguka maneno mpaka mtoto akacheka: "Mama, wino ya hii printa haistahimili jua. Tuchapishe kwa saiba, pale kwa kompyuta za kulipia, kwa mashine ya wino wa unga. Na chupa zikae kivulini."

Sawa. Lakini dirishani nitaacha chupa moja tupu, ile ya marehemu. Wanaokuja kuomboleza wasiondoke bila kununua.