Baba Alivyovimba

Inyonga

Kaka Nashon,

Shikamoo. Mahindi yamebeba vizuri na ng'ombe ni wazima.

Baba alianguka mtini akirina asali. Tulipompata baada ya siku kadhaa, mwili ulikuwa umevimba. Mdogo wetu Malale akapiga kelele, "Mama Mdogo kamloga!" Akamkata mjane wa watu kwa panga hadi akafa, huku mimi nikimvuta shati.

Daktari alikuja na polisi. Akasema baba alivunjika shingo, na kila maiti huvimba, maana vijidudu vya tumboni huiozesha na kuijaza hewa.

Malale, tayari ana pingu, akauliza, "Hata asiyelogwa?"

"Hata wewe."

Mama Mdogo nilihimiza azikwe upesi, kabla hajavimba, majirani wasije wakatafuta mchawi mwingine.

Mdogo wako,
Sikujua