Bandi Kwanza: Kwa Mwanamkuu, Mwalimu wa Kushona wa Bongwe

Ni mwaka mmoja sasa, Mwanamkuu, tangu kastabani yako ya kushonea ikose kidole. Cherehani ipo palepale ukumbini, imefunikwa leso yako ya buluu, na Suleiman mumeo bado huipangusa vumbi kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini. Tukimwambia apumzike, hujibu kwamba wewe hukupenda kukuta vumbi kwenye gurudumu. Basi tunamwacha.

Tunakuandikia sisi wa nyumbani, na aliyeshika kalamu ni Mishi, yule dada yako uliyekuwa ukimcheka kwamba mshono wake huenda upande kama kaa.

Wengi walikujua kwa upole wako. Sisi tuliokua nawe tunajua kwamba ulikuwa mbishi pia. Mwaka uliofuata Uhuru, tuliposikia kwamba Mombasa wanawake wanafundishwa ufundi wa nguo, jamaa walisema mke wa mtu ajuaye kushona hana haja ya kufundishwa kushona. Ulijibu kwamba huendi kufundishwa kushona, waenda kufundishwa kukata. Suleiman akakupa ruhusa, ukavuka Likoni na sanduku lako. Ulirudi na mkasi mzito na maneno tusiyopata kuyasikia: kwamba nguo huanza kwenye karatasi, kwamba karatasi ikikosea hakuna sindano itakayoiponya, na kwamba kabla ya kugusa kitambaa cha mtu, ushone kwanza nguo ya kujaribia kwa kitambaa rahisi cha amerikani, uitazame mwilini, kisha uifumue.

Ndipo ukafungua darasa lako hapa Bongwe, barazani kwetu. Wasichana wakaja, Waislamu na wasio Waislamu, kila mmoja anaitazama cherehani kama mtoto anavyoitazama halua. Ukawanyima. Ukawapa sindano na uzi mweupe, ukawaambia, "Bandi kwanza." Bandi ni ule mshono mrefu wa mkono, wa kushikiza tu, unaovutwa ukatoka nguo ikishashonwa. Wakapiga bandi, wakafumua, wakapiga tena. Aliyenung'unika ulimwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame, ukamrudishia kitambaa chake huku unacheka. Nadhiri yako ilikuwa hiyo, na hakuna aliyeweza kukutoa kwayo.

Wazazi hawakucheka. Maneno yakaenea kisimani na dukani kwamba mwalimu wa Bongwe anafundisha kufumua. Wa kwanza kuja alikuwa mzee Dzombo, babake Jumwa, mtu wa bara aliyebeba mataruma ya reli huko Mackinnon Road miaka mingi kabla hajaja kulima kwetu. Alisema amekuja kumchukua binti yake, kuna muhogo wa kupalilia. Jumwa ndiye aliyekuwa na mkono mzuri kuliko wote, na ulijua kwamba akiondoka yeye, wazazi wengine watafuata, na darasa litakufa kabla halijashona hata kanzu ya mtoto. Mishi aliacha mwiko sufuriani akaja kusikiliza mlangoni.

Hukubishana naye. Ulimwamkia shikamoo, ukamwekea kiti, ukamwomba jambo moja: Jumwa amshonee shati. Likimkaa, binti abaki. Lisipomkaa, aondoke naye. Mzee alicheka sana. Alisema hajapata kuvaa shati likamkaa tangu ujana wake, na mafundi wa Ukunda wote wameshindwa naye. Alikubali kwa sababu alijua atashinda yeye.

Hapo ndipo tulipoingiwa na hofu. Kwao binti aliyevunja ungo hampapasi baba yake mabegani, na Jumwa alikuwa ameshika utepe wa kupimia, hathubutu kumsogelea. Ukauchukua utepe, ukaukunja. Ukamtuma mamake alete shati kuukuu la mumewe, lile analolimia, ukalitandika mkekani, ukamwambia Jumwa alisome. Alikaa nalo asubuhi nzima. Aliona kitambaa kilivyolika bega la kulia, aliona upindo ulivyoning'inia upande uleule, na shingoni kushoto palivyochanika kwa kuvutwa.

"Baba bega moja limeshuka," alisema polepole. "Nimemwona kila siku na sikuliona."

Ulimsogezea karatasi ya mfuko wa saruji na penseli, akachora shati lenye mabega mawili yasiyolingana. Akakata amerikani, akaliunga lote kwa bandi, tayari kwa kujaribiwa.

Mzee Dzombo alikuja, akalivaa. Alinyoosha shingo, akainua mabega, akayashusha. Uligeuka kutafuta pini, na ulipogeuka tena, mzee hayupo. Hakuna aliyemwambia kwamba ile ni nguo ya kujaribia, maana sisi tulioijua bandi hatukudhani kuna asiyeijua. Alikuwa ameshika njia ya Ukunda na shati lake, nyuzi zimesimama nje kama ndevu za mahindi.

Jumwa alitaka kumkimbilia. Ulimshika mkono, ukaketi mkekani ukacheka mpaka ukafuta machozi. Baadaye tulisikia kwamba aliingia hotelini akaagiza chai, na kila aliyempa salamu alitakiwa atazame mabega kwanza ndipo aitikiwe. Alirudi jioni amevaa shati la mkono mmoja. Ule wa pili uling'oka alipompungia rafiki ng'ambo ya barabara, naye ameukunja vizuri ameushika.

"Mwalimu," alisema, "mkono umeng'oka. Bega limekaa. Mwambie binti yangu amalize."

Kesho yake Jumwa alikaa kwenye cherehani, wa kwanza darasani. Wazazi wengine hawakuja tena kulalamika. Walikuja na mashati yao kuukuu.

Tunakukumbuka kwa mengine madogo. Harusini hukumtazama bibi harusi usoni, ulitazama kikwapa cha gauni lake, na ukirudi nyumbani hukuweza kutuambia kama alikuwa mzuri. Vipande vilivyobaki hukuvitupa. Ulivishona mito ya vichanga, na hakuna mzazi wa Bongwe aliyejifungua ukamsahau. Chakula chako kilipoa kila siku. Binti yako Waridi sasa naye anakiacha chakula kikapoa, na tumeshindwa kumgombeza.

Darasa lipo, usiwe na wasiwasi. Jumwa ndiye mwalimu, na mwezi uliopita wasichana walimaliza sare za skuli. Wapya wakiulizia cherehani hupewa sindano na uzi mweupe, na huambiwa maneno yaleyale, kwa sauti yako kabisa.

Siku uliyotuacha, wanawake walikaa chumba cha ndani kukushonea sanda. Nguo ile haiwekwi kwenye cherehani, haina upindo wala fundo. Ni bandi tu. Mishi alishika sindano akashindwa kutunga uzi, kwa machozi. Jumwa si wa dini yetu, alikuwa ameketi kizingitini amejikunyata, hajui kama anaruhusiwa kuingia. Alinyoosha mkono tu, akaichukua sindano, akaitunga, akairudisha. Alitutungia zote, moja baada ya nyingine, mpaka kazi ikaisha.

Na Mishi alikupigia bandi kutoka begani mpaka miguuni, na mshono ulinyooka, Mwanamkuu. Kwa mara ya kwanza katika umri wake ulinyooka. Aliinua uso akuonyeshe.

Wanaokukumbuka ni mumeo Suleiman, binti yako Waridi, dada yako Mishi, ami yako Makame wa Msambweni, mwanafunzi wako Jumwa na wenzake wote, na mzee Dzombo, ambaye amesema jina lake lisipoandikwa hapa atakuja kuuliza, naye atakuja amevaa lile shati.

Mwenyezi Mungu akulaze mahali pema. Daima tutakukumbuka, kila sindano itungwapo uzi.