Ijumaa Tuliyokwenda Ziwani

Dada yangu Yustina,

Nakusalimu katika jina la Bwana wetu. Habari za huko? Najua huko hakuna homa wala kikohozi, lakini siwezi kuanza barua bila kukujulia hali. Sisi hapa Makere tu wazima. Mama anakula kidogo kidogo. Maharage yako tumeshavuna na kuyapura, na binti yako Neema ndiye anayesoma somo kanisani sasa, kwa sauti ileile yako.

Dada, nina jambo. Unakumbuka ile Ijumaa kule Kigoma, daktari alipotuambia tusubiri majibu mpaka mchana? Ulikaa kwenye benchi kidogo tu, ukasimama. "Leokadia, Mungu hakuumba ziwa lote lile ili mimi nikae hapa nakodolea ukuta macho." Nikakuambia unaumwa. Ukasema, "Basi nitaumwa nikitembea." Na ulikuwa umeshaanza kwenda. Mimi nikafuata na mkoba, na bahasha ya picha za kifua kwapani.

Kiangazi kile, mchanga ulikuwa wa moto. Ukavua viatu, ukafunga kitenge juu ya magoti, mwanamke mzima mwenye wajukuu! Tukaona mahali panametameta, tukapita katikati, kumbe ni dagaa wa watu wameanikwa. Yule mama mwenye dagaa akapiga kelele, "Nyie wa milimani, mnakanyaga mboga!" Ukainama, nikadhani ni kikohozi. Kumbe ni kicheko. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ukamwomba msamaha kwa kupiga makofi taratibu, kama tunavyosalimia wakubwa kwetu, naye akacheka. Tukaenda mbele. Kila nikisema turudi, unasema, "Mpaka pale kwenye jiwe." Mawe yalikuwa mengi, dada.

Tuliporudi dirisha la majibu lilikuwa limefungwa. Tukaambiwa, njooni Jumatatu. Jumatatu haikukukuta.

Siku ya mazishi wakaniita nisimame nieleze ugonjwa, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuuguza. Nikaeleza yote, tangu kikohozi cha kwanza. Nilipofika kwenye habari ya ile Ijumaa nikasema, "Tulikaa kwenye benchi mpaka dirisha likafungwa." Mbele ya jeneza lako nilisema hivyo. Watu wakaguna, wakamlaani mhudumu wa dirishani, ambaye hakutukosea kitu. Nami nikawaacha wamlaani. Tangu hapo kila nikipiga magoti kusali, nilianza Baba Yetu nikainuka kabla ya Amina.

Jumamosi hii tumemaliza matanga. Wakaniambia nieleze tena, kwa ajili ya ndugu wa Kibondo ambao hawakuwahi kufika mazishini. Nikasimama, nikasema kweli yote. Shemeji, mumeo, akainuka akatoka nje. Mpaka leo hajanisemesha, na simlaumu.

Mama alikuwa mkekani, miguu ameinyoosha. Nikangoja anitukane. Akauliza, "Alicheka?"

Nikasema alicheka, mama.

"Miezi yote ile sikumsikia akicheka. Hebu rudia hapo kwenye dagaa."

Nikarudia. Mara tatu, Yustina. Watu wanalia, na mama anafuta macho kwa ncha ya khanga, anasema, "Endelea."

Sitaificha tena ile Ijumaa. Yeyote atakayeniuliza nitamweleza hatua kwa hatua, na shemeji siku atakayotaka kusikia, nitakaa naye mpaka amalize maswali yake. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako. Pumzika kwa amani ya Bwana, dada yangu. Nimetubu, na ule uongo naamini nimesamehewa. Ila lipo moja ambalo mama hawezi kunijibu, wala padri. Mungu akikupa ruhusa, nijibu upesi, hata kwa ndoto fupi: ni mimi niliyekuacha ukachoka, au ulishajua muda umekwisha, ndiyo maana ukataka kutembea?

Mdogo wako,
Leokadia